Moyo Mmoja Chumbani

Tusekile alifuta ubao kwa kitambaa, akavuta kiti, akakaa. Mvua ya Tukuyu ilikuwa inatwanga bati tangu alfajiri, na chai yake aliiacha dirishani kwa sababu kanuni zilikataza kikombe karibu na kazi ya serikali.

"Moyo mmoja chumbani," ubao huo, ambao watumishi waliuita dawati, ulisema kwa sauti yake ile isiyo ya kiume wala ya kike. "Karibu kazini, Afisa Tusekile."

Ubao mweupe ukawaka, maana mbele ya mioyo miwili usingewaka. Aliyesimama pembeni asingeona kitu, angeona ubao tu kama ule wa kukatia vitunguu. Mwanga wake ulipanda upande mmoja, ukaishia kwenye macho ya aliyekaa kitini. Katikati ya mwanga huo, kabla hajagusa lolote, alitokea Bwana Kalokola, mwenyekiti wa kamati ya nidhamu, akiwa mezani kwake huko Bukoba. Jogoo aliwika nyuma yake. Dawati lilikata kila sauti isiyo ya mtumishi, hata ya mtoto anayelia, lakini jogoo wa Bwana Kalokola alipita siku zote, na hakuna fundi aliyewahi kueleza kwa nini.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba. Huku si kwema, Afisa. Makimbilio ya Singida yamejulikana."

Tusekile aliweka mikono yote miwili juu ya ubao.

"Yule binti wa kwenu Rungwe, Bupe. Mumewe amemkuta bombani anateka maji. Yuko hai. Taya limevunjika, na mkono wa kulia. Kusema hawezi."

Wakala wa Makimbilio, uliowaficha wanawake waliokimbia kuuawa na waume zao, haukuwa na jengo. Zamani ulikuwa nalo, na wanaume walijifunza kusimama ng'ambo ya barabara wakihesabu nani anaingia na nani anatoka. Ndipo serikali ikavunja ofisi zake, ikazitawanya majumbani. Majalada yote yalikaa ndani ya Ghala, chini ya miamba ya Dodoma, na hayakutoka humo hata siku moja. Kilichofika kwenye nyumba ya mtumishi kilikuwa mwanga tu. Ukizima, nyumba inabaki haina siri yoyote. Mwizi akibeba ubao, kabeba ubao.

Kwa hiyo siri ikivuja, imevuja kupitia mtu.

"Mahali alipofichwa palijulikana kwa watu wawili tu," alisema Bwana Kalokola. "Wewe uliyempangia, na Bi. Sitti Kiula anayetunza nyumba. Dawati lako nimelipekua mwenyewe. Ni safi kama sahani ya mgeni. Moyo mmoja, mwanzo hadi mwisho. Basi amebaki Bi. Sitti. Tumemweka chini ya ulinzi tangu jana. Leo mchana kamati inakaa, na wewe utasema neno moja tu, kwamba hakuna mwingine aliyeona dawati lako. Utaweza?"

"Nitaweza," alisema Tusekile.

Afadhali si mimi. Hilo ndilo wazo lake la kwanza, na tusimfichie. Lilikuja kabla ya taya la Bupe, kabla ya mkono wa Bupe. Mwenyekiti alipoaga ndipo alipojisikia aibu, akainuka kwenda kuinywa chai yake ingawa ilikuwa imekwisha kupoa.

*

Bupe hakuwa mgeni kwake. Alikuwa mtoto wa marehemu baba mdogo wa mumewe, kwa hiyo baba mkwe wake Tusekile ndiye aliyekuwa baba mkubwa wa Bupe, na ndiye aliyemlea. Jalada lilipomfikia, kanuni ilimtaka alirudishe na kusema, huyu ni ndugu yangu, apewe mwingine. Hakulirudisha. Alijiambia kwamba damu italinda kuliko mshahara. Wakati ukoo unakutana katika sebule hiyo hiyo yenye dawati kumlilia Bupe aliyepotea, yeye alikuwa jikoni anamenya ndizi huku anajua mtoto yuko wapi, anakula nini na analala na shuka la rangi gani. Hakumwambia hata mumewe, Lwitiko. Alijiona mwanamke wa chuma, na kwa kweli alijisifu moyoni.

Sasa alirudi kitini, akajaribu kukumbuka siku aliyompangia Bupe nyumba ya Singida. Ilikuwa siku ya mvua kubwa iliyong'oa migomba. Sura ya Bupe ilikuwa imejaa ubao mzima, na chini yake jina la kijiji, na nyumba, na njia ya kufikia. Halafu nje mtu alikohoa.

Hapo alikumbuka kwamba aliinuka.

Mila ya Wanyakyusa ya mkamwana kumkwepa baba mkwe, watu wa mijini wanaicheka. Kwa Tusekile haikuwa ya kucheka. Hakuwahi kukaa chumba kimoja na mzee yule. Hakumtazama usoni wala kulitamka jina lake. Hata likisomwa kanisani, aliinamia viatu vyake. Sisi nasi kwa heshima ya mkamwana tutamwita Mzee, mpaka Tusekile mwenyewe atakapolisema jina. Mzee alimsaidia kwa kukohoa akiwa bado mbali, na kikohozi hicho kikisikika, Tusekile alijifunika kanga akatokea mlango wa nyuma. Uso wa mzee aliujua kwa picha ya harusi tu, na kwenye picha alikuwa amevaa kofia. Aliyoijua vizuri ni miguu yake.

Mwanzoni mila na dawati viligombana. Akiinuka tu, dawati lilijifunga, na kulifungua tena kulitaka jicho, damu, sauti na ruhusa ya mkubwa wa kazi, asubuhi nzima imekwenda. Aliandika maombi. Wakala, uliojivunia kuheshimu mila za watu, ukamjibu kwa kumpa kitu walichokiita subira. Moyo ukiondoka kitini, dawati lisubiri kidogo kabla ya kujifunga; moyo mmoja ukirudi, kazi iendelee. Wanawake wengi wa mikoa ya kusini waliipata baada yake, na wengi wasingeweza kuajiriwa bila hiyo. Waliokaa wakaitunga walikuwa wasomi watupu, Tusekile akiwa mmoja wao, na hakuna aliyenyoosha mkono kuuliza: moyo wa nani?

Kisha kiti. Wakala ulileta ubao na ukaleta kiti chake, cha ngozi, chenye mikono na mgongo mrefu, kwa ajili ya afya ya watumishi. Hakukuwa na kiti kizuri kama hicho katika nyumba ile, wala katika nyumba za majirani. Mzee anaingia sebuleni amelowa, anamngojea mwanawe, kuna vigoda viwili na kiti kile. Atakaa wapi?

Siku ile aliporudi alikuta tope kwenye mguu wa kiti. Alilipangusa kwa kanga yake, akaendelea na kazi.

"Nioneshe moyo wa siku ile," aliliambia dawati.

Mstari ukatokea. Ulipanda na kushuka kwa haraka, mapigo ya mwanamke mwenye majalada mengi. Ukakatika kidogo. Uliporudi ulikuwa wa polepole, mzito, unaenda kama mtu anayepanda mlima kwa mkongojo. Kando yake dawati lilikuwa limeandika maneno ya pongezi, kama lilivyofundishwa: Mtumishi ametulia. Endelea hivyo.

Tusekile alifunika uso kwa viganja. Alikuwa peke yake, na bado alijificha.

*

Mzee aliishi nyumba ya chini, uwanja huo huo. Tusekile hakuweza kumfuata, ila alijua kwamba mvua ikipungua huja kukaa kwenye kibaraza cha nyuma, kinachopakana na jiko, na yeye humwachia chai juu ya tofali kisha huingia ndani. Mambo yakiwa mazito kupita kiasi, kila mmoja alizungumza na ukuta, na ukuta haukuwa mkwe wa mtu.

Kikohozi kikaja. Kikombe kikanyanyuliwa.

"Baba," Tusekile aliuambia ukuta. "Siku ile migomba ilipong'oka, ulikaa kwenye kiti changu?"

Upande wa pili Mzee alipuliza chai.

"Kiti kilikuwa kitupu," Mzee alisema. "Nikakaa. Ni kosa?"

"Uliona nini?"

"Nilimwona mwanangu. Nilidhani nimekufa, jinsi alivyonitazama. Kisha nikaona maandishi. Macho yangu bado yanasoma, mkamwana, msinidharau."

"Ukamwambia nani?"

"Wakwe zake. Si walikuwa wanakuja hapa kulia kila wiki? Waliniapia watakwenda wazee, wakae naye chini, wamsikilize. Nikaona mtoto hapotei wakati baba yake anajua alipo. Nilifanya kama mzazi." Akanywa funda la chai. "Wamekwenda? Anarudi lini?"

Tusekile aliegemeza paji la uso kwenye mbao za ukuta. Alitamani amkasirikie, akashindwa, kwa sababu sauti ile ilikuwa na furaha ya mtu anayengoja mgeni.

"Hawakwenda wazee, Baba. Alikwenda mume wake peke yake." Akamweleza habari za bombani, taya, mkono. Alieleza kwa kifupi, maana kwa urefu asingeweza.

Kikombe kiligonga tofali. Mvua iliongezeka, ikapungua tena.

"Anaweza kula?"

"Kwa mrija."

"Alikuwa anapenda kande, yule," Mzee alisema. Kisha baada ya muda, kwa sauti ya chini: "Wanajua ni mimi?"

"Hawajui. Wamemshika mama mmoja wa Singida. Wanasema ndiye aliyeuza siri."

"Ni ndugu yako?"

"Hapana."

"Basi usinitaje." Aliyasema maneno hayo haraka haraka. "Nakuomba kama mwanangu. Juzi ukoo wamenikabidhi fimbo, niamue mashauri yao. Nikitajwa nitakaa wapi? Nitamwambia nani asimpige mke? Mimi nimebakiza kidogo tu, niacheni niondoke na jina langu."

Tusekile aliona aibu kwa niaba yake, mzee mzima kuubembeleza ukuta. Lakini aibu kubwa ilikuwa nyingine. Aliposikia neno "usinitaje", kifua chake kilishuka, akapumua. Mkwe amekataza. Mkamwana atabishana na mkwe? Mila iliyompeleka mbio jikoni siku ile ilikuwa imemfungulia mlango mwingine wa kutorokea, na miguu yake ilikwisha kuuelekea.

*

Kamati ilipokaa, nyuso zilijipanga kwenye ubao. Katikati alikuwa Bwana Kalokola, mwenye koti. Pembeni, katika chumba chenye ukuta wa chokaa, alikaa Bi. Sitti Kiula, mama wa makamo aliyejitanda kanga ya kahawia, na nyuma yake mkono wa askari ulionekana, uso haukuonekana. Tusekile na Bi. Sitti walikuwa wamefanya kazi pamoja miaka mingi bila kukutana hata mara moja. Walijuana kwa kukabidhiana watu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu Tusekile. Pole na kazi." Macho yalikuwa yamevimba. "Bwana Mwenyekiti, mimi sina maneno mengi. Sikumwambia mtu. Ila lipo moja nakiri. Maji nilimtuma mimi. Mgongo ulikuwa unauma, nikamwambia mwanangu nisaidie ndoo moja. Ningekwenda mwenyewe asingekutwa. Kwa hilo nifungeni."

Jogoo wa Bukoba aliwika, na safari hii hakuna aliyetabasamu.

"Afisa Tusekile," alisema Bwana Kalokola. "Swali ni moja. Yuko mtu mwingine aliyeona dawati lako?"

Alikuwa ameshaliandaa jibu. Hapana, Mwenyekiti. Maneno mawili, na la kwanza ndilo lililohitajika. Akamtazama Bi. Sitti, aliyekuwa anamtazama kwa imani tupu, kama mtu anayengoja mwenzake amshushie mzigo kichwani. Mwanamke yule anaona haya kwa sababu ya ndoo ya maji, Tusekile aliwaza, na mimi ninatafuta pa kujibanza.

"Yuko," alisema.

Bwana Kalokola aliinua miwani. "Rekodi inasema moyo mmoja."

"Ni kweli ulikuwa mmoja. Haukuwa wangu. Mimi nilikuwa jikoni."

"Rekodi inasema ulikuwa kitini, tena umetulia."

"Mwenyekiti, moyo wangu haujatulia tangu mniajiri. Tazama mstari wenyewe. Nilitoka nikaacha jalada wazi. Akaingia mtu, akakaa. Dawati likasubiri kama tulivyoliambia lisubiri, likaona moyo mmoja umerudi, likaendelea kuonyesha. Na jalada lenyewe sikupaswa kuwa nalo, Bupe ni ndugu wa mume wangu. Nililikalia kimya."

Wajumbe walitazamana, kila mmoja mezani kwake.

"Aliingia nani?"

Tusekile alifungua mdomo. Jina lilikuwa pale, alilijua kama anavyojua jina lake, na ulimi haukunyanyuka. Badala yake akasema, "Baba wa mume wangu."

"Mume wako ana baba wangapi kwa mila zenu?" aliuliza Bwana Kalokola, si kwa ubaya. "Kaka za baba yake, binamu za baba yake, wote ni baba. Nahitaji mtu mmoja, kwa jina lake kamili, kwa sauti yako. Bila jina itaonekana unamhurumia Bi. Sitti tu, na mimi huruma siwezi kuiandika."

Nje mtu alikohoa.

Mwili wa Tusekile uliinuka wenyewe. Mkono ulikwisha shika kanga, mguu mmoja ulikwisha elekea mlango wa nyuma. Akaushika mkono wa kiti. Akakaa tena, kwa nguvu, kama mtu anayemkalisha mtoto mtundu.

"Moyo wa pili mlangoni," dawati lilisema. "Ukiingia nitajifunga."

"Usiingie, Baba!" alipiga kelele. "Ukiingia linazimika!"

Miguu ilisimama kizingitini. Aliiona kwa pembe ya jicho, imejaa tope hadi kwenye vifundo. Mvua ilikuwa inamnyeshea.

"Nataka kuwaambia mwenyewe," Mzee alisema.

"Hawakusikii. Dawati linabeba sauti yangu tu."

Alisikia mkongojo ukiegemezwa ukutani, na pumzi nzito. Kwenye ubao nyuso zilingoja. Wao waliona tu mwanamke anayeongea na mlango.

"Mkamwana," alisema Mzee. "Nitaje."

Tusekile alianza kulia kabla ya kusema. Alimtazama Bwana Kalokola, akalisema jina taratibu, lote.

"Anyitike Mwakalobo. Baba yake mume wangu. Yuko hapa mlangoni, ananisikia."

Mlangoni ikaja sauti ndogo, iliyokauka. "Ndaga," Mzee alisema, asante ya Kinyakyusa, ile ambayo mtu humpa aliyemtua mzigo.

Bwana Kalokola aliandika. Alipomaliza alivua miwani. "Unafahamu yanayofuata, Afisa? Dawati lako linafungwa leo, na shauri lako litakwenda mbele. Na subira inafungwa kwa wote walionayo mpaka tutakapoamua."

"Nafahamu." Aliwaona wote, wanawake asiowajua, wakikuta madawati yao yamekufa bila kujua ni kosa la nani.

"Bi. Sitti, utaachiwa."

Mama yule hakushangilia. Alivuta kanga usoni, akajipangusa, akaishusha.

"Ulijua tangu lini, mwanangu?"

"Tangu asubuhi, mama."

"Asubuhi." Bi. Sitti alitikisa kichwa polepole. "Nilipokuwa hapa nimekaa, nilikuwa najiambia, Tusekile akiamka tu atawaambia. Asubuhi mpaka saa hizi ni mbali, mwanangu."

Tusekile aliinamisha kichwa. Ubao ukazimika, ukawa mweupe, na sebule ikabaki haina siri yoyote.

Mzee Mwakalobo aliingia. Tusekile hakukimbia. Alisikia maji yakidondoka kutoka kwenye koti lake, akamsikia akipita kando ya kiti cha ngozi bila kukigusa, akivuta kigoda, akikaa chini kabisa kama mtu aliyekuja kushtakiwa.

"Akipona mdomo atauliza," alisema. "Atauliza ni nani."

"Tutakwenda kumwambia kabla hajauliza," alisema Tusekile. "Mimi na wewe."

Kisha akainua kichwa, akamtazama. Mzee naye hakugeuza uso. Alikuwa na nyusi zilizokutana na kidevu chembamba chenye kishimo, na macho makubwa yaliyojaa maji. Tangu aolewe hakuwahi kuuona uso ule ana kwa ana, na bado aliujua wote. Ulikuwa uso wa Bupe, aliouangalia wiki nzima kwenye ubao, siku alizokuwa anautafutia mahali salama pa kujificha.